Jinsi ya kutafuta dalili za uhai kwenye sayari za mbali, ukiwa na kompyuta na subira

Mpwa wangu ana swali moja analoniuliza kila akinikuta mbele ya kompyuta usiku: "Mjomba, umeshawaona?" Anamaanisha watu wa sayari nyingine. Namjibu kwamba hata sayari yenyewe sijaiona, seuze watu. Ninachokiona ni nukta nyingi zilizojipanga mstari, na mahali fulani mstari unashuka kidogo, unakaa chini saa mbili tatu, kisha unapanda tena. Kazi yote ninayotaka kukueleza imesimama juu ya mshuko huo. Unaweza kuianza leo kwa kompyuta ya kawaida, wala huhitaji darubini.

Mwaka 1995 wanaastronomia wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kuthibitishwa ikiizunguka nyota inayofanana na Jua. Sasa zilizothibitishwa zimepita 6,000. Zilizopigwa picha ni chache mno. Nyingine karibu zote tunazijua kwa jinsi zinavyoisumbua nyota yao. Ukilishika hilo tangu mwanzo hutakata tamaa, maana utakuwa umejua unatafuta nini.

Anza na mshuko

Sayari ikipita mbele ya nyota yake, huziba sehemu ndogo ya mwanga. Mtu wa mbali akiliangalia Jua letu wakati Mshtarii inapita mbele yake, ataona mwanga umepungua kwa asilimia 1 hivi. Dunia ikipita, upungufu ni sehemu 84 kwa milioni. Iandike namba hiyo ya pili mahali utakapoiona kila siku, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kazi hii ni ngumu.

Darubini ya TESS, iliyorushwa mwaka 2018, hukodolea kipande kimoja cha anga kwa siku kama 27, kisha huhamia kingine. Vipimo vyake huwekwa kwenye hifadhi iitwayo MAST, na mtu yeyote anaweza kuvipakua bure. Sakinisha Python, lugha ya kuandikia programu, kisha uongeze lightkurve, maktaba yake ya kuchambua vipimo vya mwanga wa nyota. Nyota yako ya kwanza iwe WASP-18. Usianze na nyota yenye sayari ndogo kama Dunia, utajichosha bure. Sayari ya WASP-18 ni jitu linalomaliza mzunguko mzima kwa siku 0.94, na mshuko wake unakaribia asilimia 1, kwa hiyo hata ukikosea mambo matatu bado utaiona.

Pakua vipimo, ondoa nukta mbovu, sawazisha mstari, kisha ukunje. Kukunja ndiko kunakonifurahisha hadi leo. Unazikata zile siku 27 vipande vya siku 0.94, halafu unavilaza kimoja juu ya kingine kama nguo zilizopigwa pasi. Mishuko yote inaangukia mahali pamoja, kelele, yaani mitikisiko ya vipimo isiyo na maana, zinajifuta zenyewe, na linabaki shimo moja safi katikati ya grafu.

Jihadhari hapo kwenye kusawazisha. Programu inapoondoa mawimbi ya nyota, yaani mwanga wake unavyopanda na kushuka polepole, hutumia dirisha la muda, yaani kipande cha saa inachokiangalia kwa pamoja, na dirisha likiwa jembamba mno hufuta na mshuko wenyewe ikidhani ni uchafu. Mimi nilipoteza wiki nzima nikiilaumu data, kumbe nilikuwa naifuta sayari kwa mkono wangu. Siku hizi dirisha langu halipungui mara tatu ya muda wa mshuko ninaoutarajia.

Kama mambo ya kuandika programu hayakupendezi, ingia Planet Hunters TESS. Wanakuonyesha grafu, wewe unaweka alama unapoona mshuko. Usiidharau kazi hiyo. Mwaka 2012, watu wa kujitolea wa Planet Hunters waliokuwa wakipitia vipimo vya darubini ya Kepler walisaidia kugundua sayari iliyo kwenye mfumo wa nyota nne.

Shuku kwanza, shangilia baadaye

Mwaka wangu wa pili nilipata mshuko uliojirudia kila baada ya siku mbili na saa kadhaa, kwenye nyota ambayo haikuwa kwenye orodha yoyote niliyoijua. Niliandika tarehe kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara. Nilishaanza kuchagua maneno ya kuwaandikia wataalamu.

Haikuwa sayari. Pikseli moja ya TESS hufunika sekunde 21 za tao kila upande (sekunde ya tao ni sehemu 1 kwa 3,600 ya digrii), na humo nyota kadhaa zinaweza kubanana. Jirani wa nyota yangu alikuwa nyota mbili zinazozungukana, zikizibana mwanga kwa zamu, na kivuli chao kilikuwa kimemwagikia kwenye nyota yangu. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: mshuko wa kwanza, wa tatu na wa tano ulikuwa na kina kikubwa kidogo kuliko wa pili, wa nne na wa sita. Sayari haibadiliki ukubwa kila ikizunguka. Nyota mbili zisizolingana ndizo hufanya hivyo, na mzunguko wao wa kweli ulikuwa mara mbili ya nilioukadiria.

Tangu siku hiyo kila mshuko naupitisha kwenye maswali yaleyale. Namba witiri na namba shufwa zina kina sawa? Umbo ni la bakuli lenye sakafu bapa, au ni herufi V, ambayo mara nyingi ni nyota mbili zinazozibana kandokando tu? Kuna mshuko mdogo katikati ya mishuko miwili mikubwa? Mshuko unatoka kwenye pikseli ya nyota yangu au ya pembeni? Na tarehe zake je? TESS huizunguka Dunia kila siku 13.7, na kuna nyakati mwanga wa Dunia na Mwezi humwagikia kamera zake. "Sayari" nyingi za wanaoanza huzaliwa tarehe hizo.

Ijue nyota kabla ya kuisemea sayari

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kina cha mshuko, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa nusukipenyo cha nyota. Mshuko wa sehemu 1 kwa 10,000 maana yake sayari ina nusukipenyo cha sehemu 1 kwa 100 ya nyota yake. Basi ukikosea ukubwa wa nyota, umekosea na wa sayari. TOI-700 mwanzoni iliandikwa kwenye orodha ya TESS kama nyota iliyokaribia kufanana na Jua, na sayari zake zikaonekana kubwa na za moto. Watafiti kadhaa, mmoja wao akiwa mwanafunzi wa sekondari, waligundua kosa: ni nyota kibete nyekundu, yaani ndogo na baridi kuliko Jua. Hesabu ziliporudiwa, TOI-700 d ikawa sayari yenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, mahali ambapo maji yanaweza kubaki kimiminika. Ilitangazwa Januari 2020.

Kisha uliza sayari inapata mwanga kiasi gani. TRAPPIST-1e huzunguka kwa siku 6 tu, lakini nyota yake ni ndogo na hafifu kiasi kwamba sayari hupokea kama theluthi mbili tu ya mwanga tunaoupokea sisi. Ndiyo maana ipo ndani ya kile kinachoitwa ukanda unaokalika. Jina hilo mimi silipendi. Linamfanya mtu adhani nyumba ipo tayari, anasubiriwa mpangaji. Maana yake ni kwamba maji yangeweza kuwepo, kama kuna angahewa, na kama kuna maji yenyewe. Vibete vyekundu, kama nyota hiyo, vina hasira, hulipuka na kuzipiga sayari zake kwa mionzi. Vipimo vya 2023 vya TRAPPIST-1b, dada wa ndani kabisa, havikuonyesha angahewa nzito.

Kuinusa angahewa

Hapa kompyuta yako haitoshi peke yake. Unahitaji vipimo vya James Webb, darubini yenye kioo cha mita 6.5, ambavyo navyo huishia kuwekwa wazi. Sayari ikiwa mbele ya nyota, mwanga kidogo hupenya kwenye pete nyembamba ya angahewa yake. Kila gesi humeza rangi zake: methani karibu na urefu wa wimbi wa mikroni 3.3 (mikroni ni sehemu 1 kwa milioni ya mita), kaboni dioksaidi 4.3, ozoni 9.6, oksijeni 0.76. Kwenye rangi iliyomezwa, sayari huonekana nene kidogo, na mshuko unakuwa na kina zaidi. Kwa hiyo ni mshuko uleule wa mwanzo, ila sasa unaupima rangi moja baada ya nyingine.

Unatafuta gesi gani? Watu hukimbilia oksijeni. Mimi natafuta gesi mbili ambazo hazipaswi kukaa pamoja. Oksijeni na methani hulana. Katika angahewa yetu methani hudumu kama miaka kumi tu kabla ya kuvunjwa. Mwanasayansi Mwingereza James Lovelock alilisema jambo hili mwaka 1965: uhai huiweka angahewa katika hali ambayo kemia peke yake isingeiacha. Chukua ndoo iliyotoboka. Ukiikuta imejaa asubuhi, imejaa mchana, imejaa na jioni, kuna anayeitia maji. Au kuna bomba limeachwa wazi, na ndipo kazi inapoanza.

Mabomba ni mengi. Volkano hutoa gesi. Maji yakikutana na miamba fulani huzaa methani bila kiumbe yeyote. Mionzi ya kibete chekundu inaweza kuvunja mvuke wa maji, hidrojeni ikatorokea angani, oksijeni ikabaki nyingi kwenye sayari ambayo haina hata bakteria mmoja. Hata nyota yenyewe hudanganya: madoa yake yakiwa baridi vya kutosha huwa na mvuke wa maji, nawe ukadhani umeyaona maji ya sayari. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu mengine hupita tu.

Kinyume chake pia ni kweli. Oksijeni ilianza kuongezeka hewani mwetu miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, wakati viumbe vidogo vilikuwa vimeshaishi hapa muda mrefu sana. Anayetafuta oksijeni pekee angeipita Dunia ya wakati huo bila kugeuka.

Ukitaka kipimo cha kuanzia, chukua Dunia. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikielekea Mshtarii, kilipita karibu nasi, na mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakatumia vipimo vyake kujiuliza: tusingejua lolote, tungesema hapa pana uhai? Walipata oksijeni nyingi, methani isiyostahili kuwepo pamoja nayo, mwanga mwekundu uliomezwa kwa namna ya majani ya mimea, na mawimbi ya redio yaliyopangwa. Dalili nne, kila moja ikiishikilia nyingine. Tangazo lolote linalokuja na dalili moja, lilinganishe na hilo.

Mfano wa hivi karibuni ni sayari K2-18b, umbali wa miaka nuru 124, yenye nusukipenyo mara 2.6 ya kile cha Dunia. Mwaka 2023 James Webb ilionyesha methani na kaboni dioksaidi. Aprili 2025 kundi lililoongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge likasema limeona dalili za dimethili salfaidi, gesi ambayo hapa Dunia hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Simu yangu haikutulia siku hiyo. Nilifanya ninachokushauri ufanye: nilitafuta sigma, kipimo cha jinsi ishara inavyojitenga na kelele. Ilikuwa 3, yaani uwezekano wa kama 3 kwa 1,000 kwamba kelele tu zingeweza kutoa ishara ya namna hiyo. Wanasayansi husubiri 5, chini ya 1 kwa milioni. Wengine walipozipitia upya data zilezile, hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Na hata sigma ingekuwa 5, ingethibitisha ishara tu, isingethibitisha kiumbe: dimethili salfaidi ilishapatikana kwenye nyotamkia 67P, ambako hakuna bahari.

Kwa hiyo ukisikia tangazo, uliza sigma ni ngapi, kama kundi lingine limepata jibu hilohilo, gesi hiyo ina bomba gani lisilo hai, na nyota ina tabia gani. Kama habari haijibu hata moja, kalale.

Mimi sasa hivi nina mshuko mmoja daftarini, siku ya 19 ya vipimo, umbo la bakuli, jirani nimemkagua. Mmoja tu. Siwezi kujua mzunguko wake mpaka TESS irudi kwenye kipande kile cha anga, kwa hiyo nimeuandika kwa penseli.

Juzi nilimpa mpwa wangu kipanya, tukafungua WASP-18. Alihesabu mishuko kwa kidole kwenye kioo mpaka akachanganyikiwa, akaanza upya.

"Hii ndiyo sayari yenyewe?"

"Ndiyo. Ina joto la kuyeyusha chuma."

"Kwa hiyo hakuna watu?"

"Hakuna."

"Basi fungua nyingine."