Kabla hujajaza fomu ya chuo, omba orodha ya masomo
Nyinyi mliomaliza fomu siksi mnaotaka "kusoma kompyuta", msiangalie jina la kozi, angalieni masomo ya mwaka wa pili na wa tatu mana mwaka wa kwanza karibu zote zinafanana. Ukiona hesabu nyingi, algorithimu (yani hatua za kutatua tatizo), nadharia ya kompaila (programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine), hiyo sayansi ya kompyuta, na kama hesabu zilikutoa jasho skuli basi fikiri mara mbili. Netiwaki, seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyengine) na usalama wa mifumo ndo IT, yani teknolojia ya habari. Mifumo ya habari iko katikati, databesi (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta) pamoja na uhasibu na menejimenti, yani unakaa na mwenye hoteli Nungwi unamuuliza bukingi zinaingiaje, nani anapokea pesa, kisha unamchorea mfumo. Halafu kuna ukutubi, yani kazi ya maktaba, na nyaraka, hii watu wanaidharau bure wallahi, wakati pale Nyaraka za Taifa Kilimani, Zanzibar, kuna hati za Kiarabu za enzi za masultani, na ili mtu aipate barua moja tu lazima awepo aliyeipa namba, tarehe, mada na jina la mwandishi, na siku hizi hayo yote yanaingizwa kwenye databesi. Mwenye kupenda lugha na kupanga vitu aende huko, kuprogramu kidogo atajifunza hukohuko.