Jinsi ya kuomba idhini ya mwenye nyumba kabla ya kukarabati nyumba ya pango la muda mrefu

Mwaka wa pili wa pango langu, yaani haki ya kukaa miaka mingi kwenye nyumba ya mwingine ambayo huweza hata kuwekwa rehani au kuhamishiwa mtu, nilitaka kubomoa ukuta mfupi kati ya jiko na sebule. Mwenye nyumba alikuja, akaugonga ukuta kwa kidole, akasema, "Endelea tu, hakuna shida." Nikaendelea. Miezi michache baadaye nyumba ikauzwa, na mmiliki mpya akaniuliza karatasi ya idhini iko wapi. Sikuwa nayo. Ilibidi nimlipe mhandisi akague kazi iliyokwisha, dari mpya ikatobolewa aone kilichobeba uzito, ndipo nikaanza kuombea idhini jambo lililopita. Nakusihi, nyundo isiguswe kabla hujashika barua iliyosainiwa.

Anza na mkataba wako wa pango. Tafuta kifungu kinachohusu mabadiliko au nyongeza. Ukikuta kinakataza kabisa, bado unaweza kuomba, ila jua kwamba kwa kawaida mwenye nyumba halazimiki kukubali. Mikataba mingine inaruhusu kazi ndogo za ndani bila kuomba. Kupaka rangi mara nyingi kumo, kung'oa vigae usidhani tu kumo. Mingi husema kazi ifanyike kwa idhini yake, na baadhi huongeza kwamba idhini hiyo haitazuiliwa bila sababu ya msingi. Maneno hayo yapigie mstari, maana ndiyo utakayoyashika akikataa bila maelezo. Tazama pia ramani iliyoambatishwa. Kuta za nje, paa na mabomba makuu mara nyingi hayamo katika ulichopangishwa, hata kama bomba linapita katikati ya jiko lako.

Kisha hakikisha unamwomba mtu sahihi. Kama aliyekupangisha naye amepanga kwa mwingine, huenda zikahitajika idhini mbili. Kama pango lako ni dhamana ya mkopo, soma na mkataba wa benki.

Barua yenyewe iwe fupi, viambatisho ndivyo vibebe uzito. Inatosha kuandika hivi: "Kwa mujibu wa kifungu namba ___ cha mkataba wetu, naomba idhini yako ya maandishi kufanya kazi zilizoelezwa kwenye kiambatisho. Naomba unijibu kwa maandishi kabla ya tarehe ___." Ambatisha mchoro wa nyumba ilivyo na mchoro wa itakavyokuwa, maelezo ya kila kazi, jina la mkandarasi na nakala ya bima yake, tarehe za kuanza na kumaliza, na saa ambazo mafundi watapiga kelele.

Viambatisho viandike ukijua vitasomwa na mhandisi wa mwenye nyumba. Yeye hajali rangi ya kabati. Anataka kujua uzito, maji na sauti. Beseni la kuogea la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200, hujaongeza mtu. Tabaka la saruji la sentimita 5 juu ya sakafu ya mita za mraba 10 ni nusu mita ya ujazo, yaani tani 1 na ushei. Ukiandika "kurekebisha bafu" tu, atarudisha maswali kumi na wiki zitapotea. Andika unene wa tabaka, bomba la maji machafu litapita wapi na kwa mteremko gani, na kama chini ya bafu jipya kuna chumba cha kulala cha jirani. Ukitoa zulia uweke vigae, taja utakachotandika chini yake kuzuia vishindo vya miguu.

Mwenye nyumba anaweza kutaka ulipie mhandisi na mwanasheria wake. Omba makadirio kwanza, mkubaliane kikomo kwa maandishi.

Akikaa kimya, usihesabu kimya kuwa ni ndiyo. Mkumbushe kwa barua, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Akikataa, omba sababu. Mara nyingi kinachomkera ni kitu kimoja kwenye mchoro, na kikirekebishwa anakubali. Mwanasheria mwache mpaka hapo paonekane pamekwama.

Idhini ikija, isome masharti yote. Sharti la kunitia hofu kuliko mengine ni lile la kurudisha nyumba kama ilivyokuwa pango likiisha, kwa sababu unaweza kulipia ukuta mara mbili: kuubomoa leo na kuujenga upya baadaye. Jadili hilo sasa, kabla hujasaini. Na kibali cha ujenzi cha mamlaka ya eneo ni kitu kingine kabisa; kuwa na kimoja hakukuondolei wajibu wa kupata cha pili.

Piga picha za kila chumba kabla ya kuanza, na za nyaya na mabomba kabla hayajafunikwa. Fundi akipendekeza badiliko katikati ya kazi, simamisha sehemu hiyo mpaka idhini irekebishwe. Mkimaliza, mpelekee mwenye nyumba picha na vyeti vya umeme na mabomba, umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba kazi imefuata idhini. Uthibitisho huo uuhifadhi pamoja na mkataba, kwa kuwa siku utakapotaka kumhamishia mtu mwingine pango lako, huenda wakili wake akauulizia.