Mzee anahema kwa ngazi mbili tu: vile utamsaidia mwenye COPD

Kama nyumbani una babako ama mamako akipanda ngazi kidogo ashasimama kashika ukuta anahema, na kila asubuhi anakohoa makohozi miezi nenda miezi rudi, jamani usiseme ni uzee na usimnunulie tu dawa ya kikohozi dukani. Huenda ni COPD, ugonjwa wa mapafu wa kudumu, yaani njia za hewa zimekuwa nyembamba na vifuko vya hewa ndani ya mapafu vimeharibika, na si kama pumu ambayo ikitulia mtu anapumua sawa, hii ya COPD, dawa inapunguza kuziba lakini haifungui yote.

Anza na kumuuliza maisha yake. Sigara ndo inaongoza, lakini huku kwetu utaambiwa mamangu hajawahi kushika hata moja. Sawa, na makaa je? Mama aliyeamkia jiko la kuni kila alfajiri akikaanga mahamri ya kuuza, jikoni hamna hata dirisha, ule moshi unaharibu mapafu vile vile. Pia vumbi la simiti na la nafaka kwa waliofanya kibarua bila kufunika pua, na TB ya zamani hata kama iliisha. Mwambie daktari yote hayo.

Halafu omba kipimo cha spirometri, picha ya kifua peke yake haitoshi. Mgonjwa anavutishwa kwanza dawa ya kufungua njia za hewa kisha anapuliza kwa nguvu kwenye mashine, na kama hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote aliyotoa, basi njia zimeziba. Kituo chenu kikikosa mashine omba barua ya rufaa.

Kuhusu inhela, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo, wengi wanaibonyeza ovyo dawa inaishia kooni. Itikise, atoe pumzi, abane midomo kuzunguka mdomo wa inhela, abonyeze huku anavuta polepole, ashikilie sekunde 10. Mikono ikitetemeka chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe ikauke, toboa kitakoni tundu la kuingiza inhela ikaze, avutie mdomoni mwa chupa. Ramadhani ikikaribia ongeeni na daktari mapema kuhusu saa za dawa, asiache tu kimya kimya.

Sasa hapa ndo nasisitiza sana, usimkalishe! Familia kwa mapenzi zinamwambia mzee pumzika, mwisho miguu inaregea, na misuli dhaifu inataka hewa zaidi, kwa hivo anahema zaidi ya jana, haendi barazani, haendi harusini, huzuni inamwingia. Mtoe jioni jua likipoa, hata Mama Ngina pale, ufukweni Mombasa, atembee pole pole, akichoka asimame avute hewa kwa pua akihesabu mbili, atoe kwa midomo iliyobanwa kama anapuliza chai ya moto akihesabu nne. Aoge na atie udhu amekaa kwa kibao. Kama kusujudu kunamkata pumzi aswali kwenye kiti, mgonjwa ameruhusiwa. Chakula kidogo mara nyingi, tumbo likijaa linasukuma mapafu.

Sigara iachwe na jiko litoke nje, yaliyoharibika hayarudi lakini kasi ya kuharibika inapungua.

Makohozi yakiongezeka au yakigeuka rangi na kuhema kukizidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Midomo ikiwa bluu, ama hawezi kumaliza sentensi, ama anachanganyikiwa, tafuta gari sasa hivi hata kama ni usiku wa manane.