Mtutu Mfupi Hauhitaji Baruti ya Haraka

Nilipompelekea fundi bunduki yangu ya .308 Winchester akate mtutu kutoka inchi 24 hadi 18, muuza duka mmoja alinipa ushauri ambao siku ile niliuona wa maana sana. Alisema mtutu ukifupika, baruti nayo lazima iwe ya kuungua upesi, la sivyo nusu yake itaungulia nje hewani. Nikamwamini. Kwa kuwa risasi najijazia mwenyewe, nikanunua mkebe wa H4198, baruti ya haraka, na Varget niliyoizoea, ambayo ni ya polepole zaidi, nikaisukuma nyuma ya rafu.

Daftari langu bado lina matokeo. Kichwa cha risasi kilikuwa kilekile, cha uzito wa greni 168. Varget kwenye mtutu wa inchi 24 ilinipa wastani wa futi 2,650 kwa sekunde. Varget hiyohiyo kwenye inchi 18 ilinipa 2,510. H4198 kwenye inchi 18, nikiwa nimeshafika ukomo wa kitabu cha vipimo (kile kinachoonyesha kiasi cha baruti cha kuweka), 2,390. Yaani baruti iliyonunuliwa kuokoa kasi ndiyo iliyoiporomosha. Nilibadilisha betri ya kronografu, kile kifaa cha kupimia kasi ya risasi, mara mbili kabla ya kukubali.

Kilichonipotosha ni ile picha ya baruti inayoendelea kuungua polepole njia nzima hadi mdomoni, kama utambi. Sivyo. Fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, ikishapigwa, shinikizo linapanda na kufika kileleni wakati kichwa cha risasi kimesogea inchi chache tu ndani ya mtutu. Sehemu kubwa ya baruti huungulia hapo. Inchi zinazobaki zina gesi ya moto inayotanuka na kuendelea kusukuma, kwa nguvu inayopungua kadiri nafasi inavyoongezeka. Ukikata mtutu, unaondoa sehemu ya mwisho ya msukumo. Ule mwanzo haujaugusa.

Baruti ya haraka hufika kwenye ukomo wa shinikizo hata ikiwa ni kidogo kwenye ganda, kwa hiyo unalazimika kuweka kidogo. Ya polepole hukuruhusu kuweka nyingi chini ya ukomo uleule, na gesi yake ni nyingi zaidi nyuma ya kichwa cha risasi, hata kwenye inchi ya 18. Ndiyo maana baruti inayoshinda kwenye mtutu mrefu kwa kawaida ndiyo inayoshinda kwenye mfupi. Zote mbili zinapoteza, lakini mpangilio wao haubadiliki.

Basi unapochagua, sahau urefu wa mtutu kwanza. Fungua kitabu cha vipimo kwenye risasi yako na uzito wa kichwa unachotumia. Tafuta baruti zinazotoa kasi ya juu, kisha kati ya hizo pendelea ile inayojaza ganda karibu lote, kwa sababu baruti isiyo na nafasi ya kuchezacheza ndani ya ganda mara nyingi hutoa kasi zinazofanana risasi hadi risasi. Kinachoamua ni ujazo wa ganda, upana wa tundu la mtutu na uzito wa kichwa. Kisha soma maandishi madogo juu ya ukurasa: mtutu wa majaribio ulikuwa na urefu gani? Mara nyingi ni inchi 24, na 26 kwa magnamu, risasi zinazobeba baruti nyingi zaidi. Kwa .308 mimi hukadiria hasara ya futi 20 hadi 25 kwa sekunde kwa kila inchi. Magnamu kama .300 Winchester hupoteza zaidi.

Anza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, kisha panda kidogokidogo; kwa ganda la ukubwa huu mimi hupanda greni 0.3 kila hatua. Okota kila ganda ulitazame. Fataki iliyobonyea ikawa bapa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, bolti inayogoma kufunguka: ukiona hata moja, simama na urudi chini, hata kama kitabu kinasema bado una nafasi. Usishuke pia chini ya kiwango cha kuanzia. Baruti za polepole sana zikiwekwa pungufu ndani ya ganda kubwa zimewahi kupandisha shinikizo la hatari.

Hapa ndipo watu wanapojiumiza: wanaona kronografu inaonyesha futi 140 pungufu, wanaongeza baruti ili "wairudishe". Chemba, pale ganda linapokaa, haijui kama mtutu wako umekatwa. Shinikizo linalopasua bunduki linatokea mle ndani, sentimita chache kutoka usoni pako, na ukomo wake ni uleule kwa inchi 24 na kwa 18. Kasi iliyoondoka na kipande cha chuma imeondoka. Pima kasi mpya, andika upya jedwali lako la kurekebisha darubini, endelea na maisha.

Je, baruti ya haraka haina faida yoyote kwenye mtutu mfupi? Inayo: mlio na mmweko. Gesi inayotoka mdomoni ikiwa bado na shinikizo kubwa hupiga kelele, na jioni huwaka kama tochi. Kwa H4198 jirani yangu kwenye uwanja wa shabaha hakulalamika. Niliporudi kwenye Varget alihamia meza ya mbali. Kama unapiga chini ya paa la bati, hilo ni jambo la kuzingatia, ilimradi ujue unalipia kwa kasi.

Bunduki zinazojipakia kwa gesi zina hesabu yao. Huko tatizo ni shinikizo lililobaki gesi inapofika kwenye tundu dogo la ubavuni mwa mtutu, linaloipitisha ikaendeshe mitambo. M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, ndiyo mfano unaojulikana zaidi: baruti ya polepole mno inaweza kupinda fimbo yake ya kuendeshea, kwa hiyo wanaoijazia hubaki na baruti za kasi ya wastani kama IMR 4895 na IMR 4064. Hata hapo, angalia kwamba tatizo linatokana na mahali lilipo tundu, wala si urefu wa mtutu wote.

Ukitaka kujiridhisha bila kronografu, tandika shuka jeupe mbele ya mdomo wa bunduki, pembeni mwa njia ya risasi, upige tano. Mimi nilikuta punje chache za Varget, za kuhesabika kwa vidole. Zile futi 140 hazikuwa zimemwagika pale.

Mkebe wa H4198 sikuutupa. Niliumalizia kwenye .223 yenye vichwa vyepesi, ambako inafaa sana, na mtutu wa bunduki hiyo ni wa inchi 24.