Mbegu za nyasi za Rhodes hazifukiwi
Wenye mbuzi Kisauni na Likoni mnaotaka kupanda nyasi za Rhodes masika haya: mbegu zake ni nyepesi na zina manyoya, ukizirusha hivi hivi upepo wa kusi unampandia jirani. Zichanganye na mchanga mkavu, zimwage kwenye vifereji vya kina kisichozidi sentimita 2, kisha kanyaga kwa mguu, basi. Ukizifukia kwa jembe hazitoki. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo yasikutishe, zinayavumilia kuliko nyasi nyingi. Kazi hasa ni palizi ya mwanzo, maana miche ikiwa bado midogo magugu hayasubiri. Kata zikianza kutoa maua, bakisha sentimita 10 hivi zichipue. Mwaka ujao hupandi upya.