Kufunga rimu za Subaru Forester kwenye Toyota Wish

Mteja anafungua buti, rimu nne zimepangwa kama sufuria za shughuli. "Fundi, nimeambiwa hizi zinaingia." Kuingia zinaingia. Kukaa sawasawa ndiko kwenye kazi, na ukikosea hapo utafukuzana na mtetemo miezi mitatu.

Mfano wangu ni rimu za Forester ya kizazi cha pili, inchi 16, zinakwenda kwenye Wish ya kwanza, ile ya 2003 hadi 2009, iliyotoka na rimu za inchi 15. Gari yako ikiwa nyingine, fuata hatua hizihizi ila vipimo upime mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima matundu

Magari haya mawili yote ni 5x100: matundu matano kwenye duara la milimita 100. Matundu yakiwa matano huwezi kupima moja kwa moja kuvuka katikati, kwa sababu hakuna tundu linaloangalia lenzake. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu jirani. Ukipata karibu 58.8 mm, ni 100. Ukipata 67.2, ni 114.3, ya Mark X, X-Trail na wengine wengi. Hata Subaru STI za kuanzia 2005 ni 114.3, kwa hiyo usinunue kwa kuona nembo tu.

Anayekwambia 112 na 114.3 "zinakaribiana, tutazilazimisha" mwache hapohapo. Stadi, yaani bolti zinazoshika rimu, zitapinda, na siku moja zitakatika.

Hatua ya 2: Soma maandishi nyuma ya rimu

Ya Forester imeandikwa 16x6½J, yaani kipenyo na upana kwa inchi, na 48. Ya Wish ni 15x6J na 45. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ofseti, yaani umbali, kwa milimita, wa uso unaogusa habu (kitovu kinachofungiwa rimu) kutoka katikati ya upana wa rimu. Piga hesabu: nusu inchi ya upana ulioongezeka inagawanyika pande mbili, 6.35 mm kila upande. Ofseti imeongezeka 3. Kwa hiyo rimu inasogea ndani kuelekea shokapu kwa 9.35 mm, na nje kwa 3.35 mm tu. Kwenye fenda huna wasiwasi. Macho yako yawe ndani.

Hatua ya 3: Tundu la katikati

Hapa ndipo nilipoumia. Habu ya Toyota hii ni 54.1 mm, tundu la katikati la rimu ya Subaru ni 56.1. Rimu inaingia kwa raha, inabaki na nafasi ya milimita moja kila upande. Nilizifunga hivyohivyo kwenye gari yangu. Ikifika 90 usukani unatetemeka, ikipita 110 unatulia. Nilifanya balansi mara tatu, nikabadilisha tairi moja, nikaanza kuisingizia shafti. Kumbe rimu mbili zilikuwa zimekaa pembeni kidogo ya katikati.

Dawa ni pete za habu, nje 56.1, ndani 54.1. Za plastiki ngumu zinatosha, za aluminiamu hazilainiki kwa joto la breki. Kabla ya kuzivalisha, sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane.

Rimu ikiwa na tundu dogo kuliko habu, hiyo ni kazi ya kiwanda cha kukereza. Si kazi ya nyundo.

Hatua ya 4: Nati

Usichukue nati za Subaru. Uzi wake ni 12x1.25 (unene na nafasi kati ya nyuzi, kwa milimita), stadi za Toyota ni 12x1.5. Nati itaingia mizunguko miwili kwa vidole halafu itagoma. Kijana wa pancha ataipiga mashine ya upepo, na utaona vinyweleo vya chuma vinang'aa kwenye uzi. Hiyo stadi imekwisha.

Nati zako za zamani nazo ziangalie. Rimu nyingi za alumini za Toyota zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu ya Subaru ina mahali pa kukalia pa mteremko wa koni. Washa bapa juu ya koni inagusa ukingo tu: leo imekaza, kesho imelegea. Nunua nati za koni zenye pembe ya digrii 60, uzi 12x1.5.

Hatua ya 5: Jaribu bila tairi

Inua gari, weka vigogo chini yake, valisha rimu tupu. Kaza kwa vidole ukihesabu: nikipata mizunguko 8 naridhika. Zungusha rimu kwa mkono usikilize kama inagusa kalipa, kile kibanio cha breki.

Hatua ya 6: Tairi

Wish ilivaa 195/65R15, kipenyo chake kama 634 mm. Chukua 205/55R16, ambayo ni 632. Ukiacha zile 215/60R16 za Forester, kipenyo kinafika 664: spidomita ikisema 100 wewe uko karibu 105, na tairi inaweza kukwaruza. Ikishafungwa, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu. Kisipopita, usiondoke gereji.

Hatua ya 7: Kukaza

Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa bado juu. Lishushe, malizia kwa spana ya kipimo kwenye 103 Nm. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mwisho, tairi ya akiba. Ni rimu ya chuma yenye tundu la 54.1, na nati zako mpya za koni zinaifaa. Lakini ukivua rimu ya Subaru barabarani usiku, pete inaweza kubaki imeng'ang'ania habu. Ing'oe kwanza, la sivyo tairi ya akiba haitakaa.