Kuchagua na kufunga sindano ya kabureta ya SU kwenye injini iliyoongezwa nguvu

Chukua gari dogo la Mini la zamani lenye injini ya cc 1275. Umechonga bloku, umefunga kamshafti kali, ekzosi iliyo huru na chujio la hewa la wazi. Sindano ni kijiti chembamba kilichofungwa chini ya pistoni ya kabureta; hupanda na kushuka ndani ya tundu la jeti na kupima mafuta yanayopita. Iliyotoka nayo kiwandani haiendani tena na hewa inayoingia. Mafundi wengi hapa Tabora wakifika hapo huchukua msasa wakaanza kuikwangua sindano. Chuma ukishakiondoa hukirudishi, kwa hiyo weka msasa pembeni, azima mikromita.

Hatua ya 1: Maliza magonjwa mengine

Sindano haitibu taimingi mbovu wala platini zilizoungua. Shika shafti ya kipepeo (kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) uitikise. Ikicheza, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, na kila utakachorekebisha kitakudanganya. Fungua kuba la kabureta (liwekee alama ya penseli kwanza, lirudi vilevile), lioshe pamoja na pistoni yake kwa petroli, ukaushe kwa kitambaa laini. Usilisugue na kitu chochote. Ndani ya bomba la pistoni tia oili nyepesi, namba 20 inatosha.

Amua springi ya pistoni sasa hivi, kabla ya sindano. Nyekundu ni ya aunsi 4½, buluu 2½, njano 8. Ukibadilisha springi baadaye, pistoni itapanda kwa kimo kingine na kazi ya sindano unaianza upya.

Hatua ya 2: Weka mwanzo

Pandisha nati ya jeti mpaka jeti iwe sawa na daraja (uso ambao pistoni hukalia ikishuka), kisha ishushe mizunguko miwili kamili. Washa gari, lipate moto. Inua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, iko sawa. Ila hiyo ni silensa tu.

Hatua ya 3: Tafuta tatizo liko wapi

Nati huhamisha sindano yote kwa pamoja. Sindano ndiyo inayobadilisha sehemu moja na kuacha nyingine, kwa hiyo lazima ujue ni sehemu ipi inayolia. Toka barabara ya Nzega pakiwa pametulia, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, kisha kwa mpigo mmoja kanyaga klachi na uzime injini. Simama pembeni, fungua plagi. Masizi meusi ni mafuta mengi; rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka; nyeupe kabisa, usirudie tena, unatafuta kutoboa pistoni ya injini. Mwenye senza ya oksijeni kwenye ekzosi atafute uzito wa hewa kama 12.5 hadi 13 kwa mafuta 1 akiwa amekanyaga mpaka mwisho, na 14 hadi 15 kwenye mwendo wa kawaida.

Hatua ya 4: Soma vipimo, usisome herufi

Herufi za sindano hazikwambii ipi ina mafuta mengi kuliko ipi; hazikupangwa hivyo. Kinachosema ni jedwali la vipimo: unene wa sindano kila baada ya 1/8 ya inchi kuanzia begani, pale sindano inapotokeza kwenye pistoni. Mwanzo ni silensa, katikati ni mwendo wa kawaida, ncha ni ya kukanyaga mpaka mwisho.

Jeti ya HS4, mojawapo ya saizi za kabureta za SU, ina tundu la inchi 0.090. Mafuta hupita kwenye nafasi iliyobaki kati ya tundu na sindano, na hapo ndipo hesabu inaposhangaza. Punguza thau moja, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, penye unene wa 0.085: nafasi inaongezeka karibu asilimia 19. Penye 0.080, karibu 9. Penye 0.070, kama 4 tu. Mkono gani wenye msasa utaweza kuipima hiyo? Tafuta sindano inayolingana na yako pale injini inaporidhika, na iliyo nyembamba zaidi pale tu inapolia njaa.

Hatua ya 5: Funga

Hakikisha ni ya tundu la 0.090, si 0.100. Sindano isiyo na springi yake yenyewe (si ile ya pistoni): bega lake liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni, kisha kaza skrubu bila kuinyonga. Yenye springi huegemea upande mmoja kwa makusudi. Alama yake ielekee kati ya matundu mawili ya pistoni.

Isiyo na springi lazima jeti ipewe kati. Pandisha jeti juu kabisa, legeza nati kubwa inayoishikilia, sukuma pistoni chini kwa penseli, kaza taratibu. Inua pistoni uiachie: isikike "tak" ikigonga daraja. Shusha jeti, jaribu tena. Mlio ukifa jeti ikiwa juu, sindano inasugua, rudia.

Hatua ya 6: Ukishuka Kigoma

Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hufanya sindano ileile itoe mchanganyiko mzito, yaani wenye mafuta zaidi, kwa karibu asilimia 6. Kwa hiyo sindano iliyosifiwa na mtu wa Uingereza huku inaweza kuzidisha. Kigoma, kando ya ziwa, ni karibu mita 800. Tofauti ya miji hii miwili ni kama asilimia 2 tu, usibadilishe sindano: shusha nati ya jeti kwa upande mmoja au miwili kati ya pande zake sita, na ukirudi uipandishe ilipokuwa.